Majina Kumi na Moja

Sehemu ya Saba: Mkosaji Aombwa Radhi

Wiki iliyopita tulimwacha Mwalimu Mwanaesha katikati ya ukumbi wa mamake, sahani ya halwa mkononi, mdomo wazi, akimtazama mgeni aliyesimama mlangoni. Nyinyi mlioniandikia kwamba mgeni ni mume wake wa zamani, poleni. Na wewe bwana wa Majengo uliyesema ni askari kanzu, punguza sinema.

Mgeni ni Mwalimu Abdulhalim.

Ndiyo, yeye! Mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Mwinyikae kwa miaka kumi na tisa, mpaka juzijuzi alipoambiwa akapumzike. Mtu ambaye Mwanaesha, naibu wake, amemkimbia wiki sita nzima. Akimwona mtaa wa Makadara, hupitia wa Kuze. Akimwona Kuze, hurudi nyumbani na kufunga mlango.

Leo amemfuata huko huko nyumbani.

"Assalaam aleikum."

Aliyejibu ni Bi Mejumaa, mamake Mwanaesha.

"Waaleikumu salaam! Karibu mwalimu, karibu! Umekuja wakati wake. Wee Mwanaesha, mbona wakodoa mato? Mpe mwalimu wako halwa, ni halwa ya cheo chako!"

Mwanaesha alitamani ile halwa immeze yeye.

Kwa msomaji aliyeingia leo (na wengine mwasoma gazeti la kufungia mihogo, nawajua), nitasema haraka. Barua imetoka afisi ya elimu: Mwanaesha ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu mahali pa Abdulhalim. Anatakiwa kujibu ndiyo au la, Jumatatu asubuhi. Leo ni Jumamosi, baada ya adhuhuri, na hajaamua.

Bi Mejumaa lakini amekwisha amua. Barua ilipofunguliwa tu, hakungoja hata kuuliza. Masinia ya halwa yakatoka nyumba kwa nyumba, kahawa ikapikwa, wanawake wakaja na buibui zao kupiga vigelegele. Mtaa mzima umekula cheo ambacho mwenyewe hajakikubali. Na kwetu sisi, halwa ya watu ikishaliwa, kurudi nyuma ni fedheha.

Kwa nini basi hajakubali? Ni yale majina kumi na moja.

Mwaka jana, wakati wa kuandikisha watoto wa darasa la nane kwa mtihani wa taifa, Mwanaesha alikaa peke yake na orodha, akachagua wanafunzi kumi na mmoja waliokuwa wazito wa hesabu. Akawafuta. Warudi darasa la saba, wasije wakaivuta shule chini. Hakuuliza mzazi hata mmoja. Karatasi akampelekea Abdulhalim siku ya Ijumaa, dakika kumi kabla ya hutuba. Mzee alikuwa amekwisha vaa kanzu na kofia, mguu mmoja uko nje. Saa ile Mwanaesha aliichagua makusudi, na mzee akatia sahihi bila kusoma.

Shule ikatoka ya kwanza mjini. Watu wakabebana mabegani. Kisha wazazi wa wale kumi na mmoja wakaenda afisi ya elimu, wamewaka. Mzee akaitwa, akaulizwa nani alifanya haya, akajibu, "Sahihi ni yangu." Basi. Mwanaesha alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kinywa chake kizima, akanyamaza.

Sehemu ya nne nilimtetea kidogo. Leo simtetei.

"Keti mwalimu," Bi Mejumaa alisema.

"Sikuja kukaa, Bi Mejumaa. Jumanne tukijaaliwa nasafiri. Naenda Hijja. Napita kwa watu kuwataka radhi."

"Mashallah! Mashallah! Ututilie dua huko!"

Desturi hiyo waijua. Anayekwenda Makka hupita kwa jamaa, kwa majirani, hata kwa mahasimu, akawaombe wamsamehe alilowakosea. Haendi mtu kutakaswa kule, huku nyuma ameacha watu wana kinyongo naye.

Mwanaesha alijua atakayoyasema. Mzee atamwangalia, atasema, "Nimekusamehe, mwanangu," na yeye atakufa papo hapo kwa haya.

Sivyo ilivyokuwa.

"Mwanaesha," mzee alisema, "nimekukosea. Nihalalishie."

"Mwalimu!" Sahani aliiweka juu ya kiti, nusura ikose. "Wewe umenikosea nini mimi?"

"Ile karatasi niliisoma."

"Karatasi gani?" Bi Mejumaa aliuliza.

"Ijumaa nilitia sahihi bila kusoma, hilo kweli," Abdulhalim aliendelea. "Lakini Jumatatu niliisoma. Nikaujua mwandiko, nikajua na lililotendwa. Zilikuwa zimesalia siku tisa kabla ya fomu kupelekwa. Ningeweza kukuita. Nikajiambia, miaka yote hii naiongoza shule, hata siku moja hatujawa wa kwanza. Nikaifungia mezani karatasi yako, nikanyamaza."

"Siku tisa?" Mwanaesha aliuliza.

"Mimi ndiye niliyekufunza kushika kalamu ya wino, darasa la tano. Nilikuona wapotea nikanyamaza, kwa sababu kupotea kwako kulinifaa. Hilo ndilo kosa langu kwako. Na Jumanne nataka kwenda."

Hapo ndipo mwanamke huyu wa miaka arubaini na tatu, naibu wa shule, anayeogopwa na madarasa manane, alipolia kama aliyechapwa.

"Karatasi gani, jamani?" Bi Mejumaa alikuja juu. "Mimi si mtu? Semeni nami nisikie!"

"Mama," Mwanaesha alisema, "wale watoto waliofutwa, niliyewafuta ni mimi. Si mwalimu. Alinibebea."

Bi Mejumaa alitupa jicho mlangoni. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Funga mlango!"

"Mama..."

"Funga mlango, watu wapita! Alaa! Sikiza. Hayo yamepita. Mwalimu amekustiri, Mungu atamlipa, na Makka anakwenda, atamuomba Mola wake atasamehewa. Nawe shika kazi yako unyamaze. Nimelisha mtaa mzima! Leo uje useme, nimekataa? Huu uso wangu nitauweka wapi, Mwanaesha?"

"Wangu niliuweka mezani pale afisini, Bi Mejumaa," Abdulhalim alisema, "na bado napumua."

Bibi akaenda kuufunga mlango mwenyewe.

Mwanaesha alifuta uso kwa leso. "Nimekuhalalishia mwalimu. Dunia na akhera. Nawe nihalalishie mimi."

"Nimekuhalalishia."

Lo! Mzigo wa mwaka mzima ukashuka. Mwanaesha alivuta pumzi mpaka chini. Kumbe ni rahisi hivi?

"Lakini," mzee alisema.

Mwajua neno lakini lilivyo.

"Lakini hayo ni yangu na yako. Wale kumi na mmoja hawamo. Siwezi kukutolea msamaha mfukoni mwa watu wengine."

"Basi niikatae kazi?"

"Hilo usiniulize mimi niliyefukuzwa. Nenda kwanza kwa mamake Beryl, mtoto mmoja katika hao, kule Tudor. Huyo ndiye aliyewakusanya wazazi. Mimi nilikwenda juzi kumtaka radhi."

"Akakuhalalishia?"

"Alinifungia mlango."

Mwanaesha aliuliza kwa sauti ndogo, na hata mimi ninayesimulia naona haya kuliandika swali lenyewe: "Ulimwambia kuwa ni mimi?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nilikwenda kuomba radhi, Mwanaesha. Sikwenda kusengenya."

Akaaga, akaenda zake. Halwa hakuigusa.

*

Mwanaesha alitoka kwa miguu, buibui limemkaa upande, na mamake yuko dirishani anamwita asimsikie.

Hakufika mbali. "Mwalimu mkuu! Mabruki!" Huyo ni muuza kahawa. "Hongera mwalimu, tumekula halwa yako!" Huyo mwenye duka la vitambaa. Mzee mmoja akaacha bao lake akasimama, amempa heshima. Mwanaesha akaitikia wote, ahsante, ahsante, inshallah, na kila ahsante ilimchoma. Alipofika barabara kuu alikuwa anatembea kama anayekimbia.

Saa tisa u nusu alikuwa Tudor, ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa kijani.

Nasipwondi, mamake Beryl, ni mtu wa Bungoma, karani bandarini. Mwanamke mrefu, sauti ya kanisani. Mwanaesha alikuwa ametayarisha maneno njia nzima. Alitarajia kutukanwa. Alitarajia mlango.

Mlango ukafunguliwa, na Nasipwondi akamkumbatia mpaka miguu ikaachana na sakafu!

"Mwalimu! Mungu ni mkubwa! Nani amekwambia? Tulitaka iwe siri mpaka jioni!"

"Siri gani?"

"Ingia kwanza! Kaa hapa, hiki ndicho kiti kizuri. Mwalimu, wewe unafikiri hiyo barua ya kazi ilianguka kutoka mbinguni?"

"Barua imetoka afisi ya elimu."

"Na afisi iliambiwa na nani?" Nasipwondi alijipiga kifua. "Mimi hapa! Nilizunguka. Likoni, Changamwe, Kisauni, kila mzazi nyumbani kwake. Wazazi kumi na mmoja, sahihi kumi na moja. Tukawaambia, yule mzee mwondoeni, na kile kiti mpeni yule mwalimu aliyelia na watoto wetu."

"Aliyelia?"

"Si uliwaita watoto mmoja mmoja ukawapa ile habari? Beryl aliniambia. Walimu wengine hawakujali, lakini wewe ulimshika mtoto wangu ukalia naye."

Msomaji, hili sikuwa nimekwambia. Nalo Mwanaesha alikuwa amelizika mbali sana. Ni kweli. Siku ile Beryl alipoangua kilio, Mwanaesha alimkumbatia, akalia, akasema, "Ni amri ya mwalimu mkuu, mwanangu. Mimi sina la kufanya." Machozi yalikuwa ya kweli, na maneno yalikuwa ya uongo. Vyote viwili vilitoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Na machozi hayo ndiyo yaliyompa kazi.

"Beryl! Lete chai! Njoo uone nani amekuja!"

Beryl akatoka jikoni na trei. Miaka kumi na mitano, amekuwa mrefu kama mamake. Darasa la saba hakurudi. Aliona aibu kukaa dawati moja na watoto waliokuwa wakimwita dada. Sasa anashona vifungo kwa fundi wa nguo, na vidole vimejaa alama za sindano.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," Mwanaesha alijibu, na hakuweza kuvitazama vile vidole.

"Beryl, huyu ndiye mwalimu mkuu sasa," mamake alisema. "Jumatatu unarudi shule. Darasa la nane, unaandikishwa mtihani pamoja na wenzako wote kumi. Si ndiyo, mwalimu?"

Mtoto akatabasamu. Mamake akamwangalia, kisha akamwangalia Mwanaesha, macho yamemjaa maji. "Unaona? Mwaka mzima sijaona meno yake huyu."

Haya, wewe unayesoma, jitie hapo penye kile kiti. Ungefanyaje?

Maana mawazo yaliyomjia Mwanaesha hayakuwa ya kijinga. Akinyamaza, Jumatatu anaandika ndiyo. Watoto wote wanarudi. Anawafundisha hesabu yeye mwenyewe, jioni, mmoja mmoja, mpaka waelewe. Mamake anabaki na uso wake. Abdulhalim anakwenda zake Makka, wala hakulalamika. Nani ataumia? Hata mmoja!

Alifungua kinywa aseme ndiyo. Naapa alikuwa karibu kusema.

"Na yule mzee," Nasipwondi alisema huku akimimina chai, "alikuja hapa juzi. Eti anakwenda kuhiji, anaomba msamaha. Nilimwambia aende na mzigo wake mgongoni, Mungu auone! Nikamfungia mlango usoni. Nilisikia akishuka ngazi polepole, anapumzika kila ghorofa. Sikumwonea huruma hata kidogo."

Kikombe cha Mwanaesha kilikuwa kimejaa. Akakiweka chini bila kukinywa.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeandika yale majina. La Beryl lilikuwa la nne."

Nasipwondi alicheka. "Mwalimu, acha mchezo."

"Mwalimu mkuu alitia sahihi bila kusoma. Nilimpelekea Ijumaa ana haraka ya kwenda msikitini, makusudi. Afisini walipomuuliza aliubeba mzigo yeye, nami nilikuwa nimekaa pale. Nilinyamaza, mamake Beryl. Nimekuja kukutaka radhi."

Kicheko kilikufa. Trei ilikuwa bado mikononi mwa Beryl.

"Lakini ulilia," mtoto alisema.

"Nililia, mwanangu."

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

Mwalimu Mwanaesha amefundisha miaka ishirini na moja. Ameulizwa maswali na wakaguzi, na wazazi walevi, na watoto wa kila aina. Hakuna aliyepata kumuuliza hili. Aliinamisha kichwa, haya zimempanda mpaka masikioni, akaiangalia sakafu ya watu.

Beryl akaiweka trei mezani taratibu, akaenda kusimama karibu na dirisha, amewapa mgongo.

"Sitaichukua kazi," Mwanaesha alisema. "Jumatatu nitaandika la. Nitawaeleza yote, nami wanifanye watakavyo. Sistahili hata kuikaribia ile afisi."

Alidhani hilo ndilo neno la mwisho. Alidhani hapo atatukanwa, atafukuzwa, ateremke zile ngazi, aende akalie kwao.

Nasipwondi aliinuka. Hakupiga kelele, na hapo ndipo alipotisha. Alikwenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

"Utakataa," alisema.

"Ndiyo."

"Ukatae, uende kwenu ukakae, moyo wako umetulia. Watakusifu: aa, Mwalimu Mwanaesha ana haya, amekataa cheo. Na huyu?" Alimwonyesha Beryl kwa ule ufunguo. "Watamleta mwingine asiyemjua. Atauliza, huyu msichana mkubwa ni nani? Atafungua orodha, aone wazito kumi na mmoja. Unajua atafanya nini. Wewe unajua kuliko mtu yeyote!"

"Basi niikubali?"

"Uikubali? Baada ya kunifanya nimfukuze mzee wa watu mlangoni pangu?" Alirudi akasimama mbele yake. "Usiniulize mimi! Ndiyo, la, vyote umeviharibu. Mimi mwenyewe sijui nikutake wapi."

Chini kwenye ngazi kukasikika miguu. Mingi. Mwanamke akacheka, mwingine akaanzisha wimbo wa harusi, wenzake wakaitikia kwa makofi.

Mwanaesha alisimama. "Hao ni nani?"

"Wazazi wenzangu. Tulipatana tukutane hapa saa kumi, twende kwako Mji wa Kale pamoja kukupa hongera. Wamekununulia leso." Nasipwondi alimshika mkono, akamtia ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake. "Mimi sitasema neno. Yule mzee alikubebea mara moja, inatosha. Fungua mwenyewe. Waambie kama ulivyoniambia, wakiwa wanakutazama. Halafu jibu la Jumatatu watakupa wao."

"Mamake Beryl, nipe hata mpaka kesho..."

"Mtoto wangu umemngojesha mwaka mzima."

Wimbo ukafika ghorofa ya pili, ukafika ya tatu, ukasimama nje ya mlango wa kijani. Mikono ikagonga. Mwanaesha alikuwa katikati ya chumba, ufunguo mkononi.

"Jamani, mwalimu mkuu wetu amekwisha fika?" mama mmoja aliita kutoka nje kwa furaha.

Beryl aligeuka kutoka dirishani. Alimtazama mwalimu wake usoni, macho makavu, kisha akajibu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Yumo," alisema. "Ana jambo anataka kuwaambia."